Ukipigwa unalipwa: Mbona NBA inashindwa kuwazuia wanaojiangusha?

Usiku wa kuamkia Jumapili, Februari 8, 2026, jirani yangu hapa Malaba alikesha. Ni mtu wa boda boda, na kazi yake huanza alfajiri malori yanapowasha injini, kwa hivyo kwake kukesha ni gharama. Lakini alikuwa na mkeka. Alikuwa amewapa Utah Jazz ushindi ugenini kwa Orlando Magic, na robo ya tatu ilipoisha mkeka ulikuwa bado unapumua. Robo ya nne ikaanza, na nyota wawili wa Jazz, Lauri Markkanen na Jaren Jackson Jr., wako kwenye benchi. Hakuna aliyebebwa nje, hakuna aliyechechemea. Wamekaa tu. Hawakurudi tena uwanjani na Jazz wakapoteza.

Asubuhi akanipata kwenye kibanda cha chai, macho mekundu. "Wewe si ndiye unaandikia watu wa gazeti? Hebu nieleze. Hawa watu walikuwa wanataka kupigwa?"

Jibu fupi ni kwamba hata NBA yenyewe ilishuku hivyo. Siku chache baadaye, Februari 12, ligi iliwapiga Jazz faini ya dola 500,000, kama Sh65 milioni hivi, kwa kuwatoa wachezaji wazima mechi ikiwa bado ya yeyote. Siku hiyo hiyo Indiana Pacers, timu iliyocheza fainali Juni 2025, wakatozwa dola 100,000 kwa kuwapumzisha wachezaji waliopaswa kucheza. Jibu refu ndilo nitakupa wewe hapa, maana huenda na wewe una mkeka mfukoni.

Tuanze na drafti. Si ile ya vizibo vya soda inayochezwa pale stendi wazee wakibishana. Kwa Wamarekani, drafti ni siku ambayo timu zote 30 za NBA huchagua vijana wapya kwa zamu, mmoja mmoja. Kijana hachagui timu, timu ndiyo inayomchagua. Na zamu imepangwa kuanzia chini: timu mbovu zinatangulia, bingwa anangoja nyuma. Nia ni njema. Kama Gor Mahia angekuwa anachukua kila kipaji kinachochipuka nchini kila mwaka, wewe ungeendelea kulipia tiketi ya nani?

Lakini tazama sheria hiyo imefanya nini kimya kimya. Imekuambia kwamba ukiwa wa mwisho, unapata zawadi. Na katika mpira wa vikapu zawadi hiyo si ndogo. Uwanjani ni watu watano tu kila upande. Mchezaji mmoja wa ajabu anabadilisha timu kuliko vile straika mmoja anavyoweza kubadilisha timu ya soka ya watu 11. Sasa wewe ni mkubwa wa timu. Msimu umebaki mechi 30, mchujo hamfiki hata mkiomba. Kila mechi mnayoshinda inawasogeza mbali na yule kijana ambaye kila mtu anamtaka. Mwaka huu majina yaliyo midomoni ni AJ Dybantsa, Darryn Peterson na Cameron Boozer. Ungefanya nini? Sema ukweli.

Mchezo huu ni wa zamani kuliko wengi wetu. Msimu wa 1983/84 Houston Rockets walimaliza na ushindi 29 na vipigo 53. Mwishoni mwa msimu walimchezesha mkongwe Elvin Hayes, umri wa miaka 38, dakika 53 katika mechi moja iliyoingia muda wa ziada. Mzee wa miaka 38, dakika 53! Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu siku hizo wa kwanza kuchagua alipatikana kwa kurusha sarafu kati ya timu mbili mbovu, moja kutoka kila upande wa ligi. Rockets walishinda sarafu hiyo na kumchukua Hakeem Olajuwon, kijana wa Lagos. Huyo Mnigeria aliwaletea mataji mawili, 1994 na 1995. Sarafu nayo haikurudi tena. Mwaka 1985 ligi ikaleta bahati nasibu.

Tangu hapo sheria hizi zimekuwa kama bembea. Mwanzoni, timu saba zilizokosa mchujo zilikuwa na nafasi sawa, bahasha saba zikatiwa kwenye pipa. Walio chini kabisa wakalalamika kwamba wanadhulumiwa. Mwaka 1990 wakapewa uzito zaidi. Mwaka 1993 Orlando Magic, timu iliyokuwa imeshinda mechi nusu na kukosa mchujo kidogo tu, ilipata nafasi ya kwanza ikiwa na karata moja kati ya 66, tena mwaka mmoja tu baada ya kumchukua Shaquille O'Neal. Kelele zikarudi. Mwaka uliofuata timu ya mwisho ikaongezewa nafasi hadi asilimia 25. Sasa kujiangusha kukawa biashara ya maana, na Philadelphia 76ers wakaifanya waziwazi: misimu mitatu kuanzia 2013, ushindi 47 tu kwa jumla. Msimu mmoja walishinda mechi 10 kati ya 82. Mashabiki wao waliambiwa wawe na subira. Katika kipindi hicho walimpata Joel Embiid wa Cameroon, ambaye baadaye akawa mchezaji bora wa ligi, lakini taji lenyewe hawajaliona hadi leo.

Mabadiliko tunayoishi nayo yalipitishwa 2017 na kuanza kutumika kwenye drafti ya 2019. Timu tatu za mwisho zina nafasi sawa ya kupata wa kwanza, asilimia 14 kila moja. Anayefuata ana 12.5, kisha 10.5, na hivyo hivyo mpaka wa 14 mwenye nusu asilimia. Bahati nasibu inaamua nafasi nne za juu, zinazobaki zinafuata msimamo wa ligi. Wazo lilikuwa kwamba hakuna haja ya kukimbilia mkia ikiwa wa mwisho na wa tatu kutoka mwisho wanapata sawa.

Je, ilifanya kazi? Upande mmoja, ndiyo. Detroit Pistons walikuwa wa mwisho 2023 na 2024. Katika msimu huo wa pili walipoteza mechi 28 mfululizo, rekodi ya aibu. Mara zote mbili wakaangukia nafasi ya tano. Utah nao walipoteza mechi 65 msimu wa 2024/25 na wakapata nafasi hiyo hiyo ya tano. Nani alipata ya kwanza 2025? Dallas Mavericks, wenye nafasi ya asilimia 1.8, miezi michache tu baada ya kumuuza Luka Doncic na kuwakasirisha mashabiki wao wote. Wakamchukua Cooper Flagg.

Upande wa pili ndio unaouma. Zamani timu tatu nne ndizo zilikuwa na sababu ya kujiangusha. Sasa hata aliye wa kumi kutoka chini anaona mlango uko wazi. Ukiwa katikati, huna nguvu ya kutwaa taji wala bahati ya maana kwenye drafti, kwa nini usiteleze kidogo? Tiba ilipunguza homa kwa mgonjwa mmoja ikaisambaza wodi nzima.

Niruhusu nitoke uwanjani kidogo. Mimi nilizaliwa Budalang'i, na wewe unayepajua unajua tunajulikana kwa nini: mto Nzoia ukifurika, kingo zikikatika, kwetu ndiko maji yanakokuja. Nikiwa mdogo tulihamia kambini na kwenye foleni ya unga kulikuwa na orodha. Nyumba iliyoanguka, jina linaandikwa. Nyumba iliyosimama, rudi nyuma. Jirani yetu mmoja alikuwa amejinyima, akainua msingi, akajenga kwa matofali. Nyumba yake haikuanguka, lakini shamba lake lote la mpunga lilikuwa chini ya maji kama letu. Hakupewa kitu. Mama yangu akamgawia unga wetu, na namkumbuka yule mzee akisema, hana hata hasira, kwamba mwaka ujao atajenga kibanda cha udongo kando ya nyumba ili kianguke.

Hakuwa mwizi, na hakuwa amependa mafuriko. Aliisoma orodha tu akaona inalipa nini. Na bado mimi siwezi kukuambia orodha ifutwe, kwa sababu bila ile orodha sisi tungelala njaa. Ndiyo maana hili la drafti linanitatiza kuliko wachambuzi wa kule wanaosema "wafungieni tu". Kumsaidia aliye chini ni haki. Ugumu ni kupima nani yuko chini kwa njia ambayo haimfanyi mtu atake kubaki huko.

Faini haitasaidia, na hili watu wa mpakani hatuhitaji kufundishwa. Uliza yeyote anayepitisha mahindi au mayai kwa njia za panya kati ya Busia yetu na Busia ya Uganda. Faini ikiwa ndogo kuliko faida ya mzigo, hiyo si adhabu tena, ni ushuru. Unaiweka kwenye hesabu pamoja na nauli. Aprili 2023 Mavericks hawa hawa walitozwa dola 750,000, karibu Sh100 milioni, kwa kuwapumzisha wachezaji wao mwishoni mwa msimu. Walikuwa na deni: kama wangetoka nje ya kumi za kwanza, haki yao ya kuchagua ingekwenda New York Knicks. Walipoteza, wakabaki wa kumi, wakaibadilisha nafasi hiyo kwa ya 12 na kumpata Dereck Lively II. Juni 2024 Lively alikuwa kwenye kikosi kilichocheza fainali. Wewe ungelipa hiyo faini? Mimi ningelipa nikiimba.

Sasa kuna mapendekezo mezani, na nitayapitia haraka kwa sababu mengi yana tundu lile lile. Kuna la kufunga hesabu ya bahati nasibu mwanzoni mwa Machi, ili vipigo vya baada ya hapo visihesabiwe. Sawa, watajiangusha Januari. Kuna la kuizuia timu kuchagua ndani ya nne za kwanza miaka miwili mfululizo. Hilo lingewabana akina Sixers wa zamani, ila halimgusi anayejiangusha mwaka mmoja tu. Kuna la kuhesabu misimu miwili badala ya mmoja, kama ligi ya wanawake, WNBA, inavyofanya. Hilo nalipenda kidogo, kwani ni vigumu kujifanya mgonjwa miaka miwili. Kuna la kugawa nafasi sawa kwa wote 14 waliokosa mchujo, yaani kurudi kwenye bahasha za 1985. Na kuna walio tayari kufuta drafti kabisa, kijana aende anakotaka, kama soka. Hao naona wamesahau kwamba wengi wangekimbilia Los Angeles na Miami, na watu wa Utah wabaki na theluji yao.

Linalonivutia zaidi limetoka mahali ambapo hukutegemea: hoki ya barafu. Ligi ya wanawake ya Marekani na Kanada, PWHL, inatumia utaratibu unaogeuza kila kitu. Timu ikishatolewa kihesabu kwenye mchujo, inaanza kukusanya pointi upya, na atakayekusanya nyingi ndiye wa kwanza kuchagua. Aliye dhaifu kweli anatolewa mapema, kwa hivyo ana mechi nyingi zaidi za kukusanya. Bado anasaidiwa. Lakini lazima ashinde ili asaidiwe.

Ona tofauti. Mapendekezo mengine yote yanapunguza malipo ya kushindwa. Hili peke yake linalipa ushindi. Lina kasoro, ndiyo. Mjanja anaweza kupoteza haraka ili atolewe mapema, na timu iliyoparaganyika kwa majeraha haitashinda hata ukiiahidi ng'ombe. Lakini fikiria mwezi wa Machi, timu mbili za mkiani zinakutana, na zote mbili zinauma meno. Aliyelipa tiketi anapata alicholipia. Kocha anawaachia nyota wake robo ya nne bila kuogopa simu kutoka ofisini. Kama ningekuwa na kura, ningeipiga hapo, hata kama ni kwa majaribio ya misimu mitatu.

Unaweza kusema, haya, hayo ni ya wazungu na dola zao, mimi wa Busia yananihusu nini? Kwanza mkeka. Oktoba 2025 waendesha mashtaka wa serikali kuu ya Marekani walifungua kesi New York kuhusu habari za ndani za NBA kuuzwa kwa wacheza kamari. Moja ya madai ni kwamba Machi 2023 kuna aliyewapasha wenzake kwamba Portland Trail Blazers watajiangusha katika mechi fulani na nyota wao hawatacheza, nao wakabeti kabla umma haujajua. Ni madai, mahakama ndiyo itaamua. Lakini umeelewa njia ilivyo. Timu ikiwa na siri kwamba leo haitaki kushinda, siri hiyo ina bei. Na anayeinunua si wewe uliye na bando la Sh20 saa tisa usiku. Wewe ndiye unayelipia.

Pili, sisi huku mambo haya tunayajua kwa jina lingine. Februari 2020 FIFA iliwafungia wachezaji wanne waliohusishwa na upangaji wa mechi za Kakamega Homeboyz, si mbali na hapa. Watatu miaka minne kila mmoja, wa nne, Mganda, maisha. Juni 2021 Zoo FC ya Kericho ikaondolewa ligi kuu kwa kosa la aina hiyo hiyo. Sitetei upangaji wa mechi. Ni udanganyifu, ni sumu, na mpira wetu bado unaumwa nayo. Lakini weka kesi hizi kando kwa kando. Mchezaji ambaye pengine mshahara wake umechelewa anauza mechi, anapoteza kazi ya maisha yake. Tajiri mwenye timu anapanga kushindwa ili apate kijana wa thamani ya mamilioni ya dola, anaandika hundi, na kesho yake wachambuzi wanasema ana mpango wa muda mrefu. Shabiki aliyelipa kiingilio amedanganywa katika uwanja wote wawili.

Tatu, kuna Khaman Maluach. Alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini, akakulia Kawempe, Kampala, mwendo wa kilomita kama 200 kutoka kwenye geti letu la Busia. Ameeleza kwamba aliyemwambia ajaribu mpira wa vikapu ni mtu wa boda boda aliyemwona njiani na urefu wake. (Jirani yangu alipenda sana hapo, akanifanya nirudie.) Akapita kwenye akademia ya NBA kule Senegal, akavaa jezi ya City Oilers ya Uganda kwenye ligi ya Afrika, akacheza Olimpiki ya Paris 2024 akiwa na miaka 17, akaenda chuo cha Duke. Juni 2025 aliitwa wa 10 kwenye drafti. Waliomwita ni Houston Rockets, lakini haki hiyo ilikuwa tayari imeingia kwenye biashara ya kumhamisha Kevin Durant, kwa hivyo akaishia Phoenix Suns. Jina lake lilipita mikononi mwa matajiri kabla hajavua suti.

Namtaja kwa sababu tukizungumza drafti tunazungumza kama vile wanaogawana ni magunia. Kijana anayechaguliwa wa kwanza na timu iliyojiangusha anakwenda kuanza kazi kwenye nyumba ambayo imekuwa ikifundishwa kushindwa. Anamkuta kocha aliyeambiwa asishinde, wenzake wenye mikataba ya siku kumi, na viti vitupu. Wako wanaoibuka. Wako pia ambao miaka yao mitatu ya kwanza imeliwa hapo. Na safari hii wapo vijana wa Kampala, Nairobi na Juba wanaoitazama foleni hiyo kwa macho ya njaa. Nairobi City Thunder walifika ligi ya Afrika 2025, timu ya kwanza ya Kenya kufanya hivyo. Mlango umeanza kufunguka, na ni haki yako kuuliza ndani kuna nini.

Nilimweleza jirani yangu yote haya, kwa ufupi zaidi, chai ikipoa. Akatikisa kichwa, akasema sasa ameshika siri: kuanzia leo anabeti dhidi ya Jazz. Siku mbili baadaye Jazz walikuwa Miami. Robo ya nne Markkanen na Jackson wakakalishwa tena, vilevile. Wakaingia vijana wa benchi, wale ambao hakuna aliyewaambia kuhusu Dybantsa wala bahati nasibu, au waliambiwa wasisikie. Wakaifunga Miami kwao. Mkeka ukachanika mara ya pili, na mpaka leo hanisalimii vizuri.